Gari Linaposhika Kasi Lenyewe: Mwongozo wa Kudai Fidia Nchini Marekani

Kasi ya ghafla isiyokusudiwa ni hali ambayo gari huongeza mwendo bila dereva kutaka, ama kutoka pale liliposimama, ama likiwa barabarani huku dereva amekwisha kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Madai yanayotokana na hali hii yana ugumu wa pekee, kwa kuwa baada ya mgongano pedali huweza kurudi mahali pake, injini huzimika na breki hukutwa nzima, hivyo neno la dereva hubaki likishindana na gari ambalo kwa macho halina kasoro. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hujitetea mara nyingi kwa hoja moja, kwamba dereva alikanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki, na hoja hiyo haijibiki kwa kiapo peke yake.

Mwongozo huu unahusu Marekani, ambako madai ya aina hii yamefikishwa mahakamani kwa miongo kadhaa, na umekusudiwa msomaji wa Kiswahili anayeishi huko au mwenye ndugu huko. Kanuni inayouongoza ni kwamba gari lenyewe ndilo shahidi mkuu, na mdai anayeliacha liuzwe skrepa amempoteza shahidi huyo kabla hajahojiwa. Maelezo haya ni elimu ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili wa jimbo husika.

## Kwanza: kujua kilichoweza kutokea

Mdai hahitaji kuwa fundi, lakini anahitaji kufahamu makundi manne ya sababu, kwa kuwa kila kundi lina ushahidi wake na huweza kuwa na mdaiwa wake.

1. Kapeti la chini ya miguu. Kapeti refu kupita kiasi, au lisilofungwa kwenye ndoano zake, husogea mbele hadi ukingo wake ukakutana na ncha ya pedali ya mafuta. Pedali inapokanyagwa hadi chini, ncha hiyo hunasa kwenye ukingo wa kapeti, na mguu unapoondolewa pedali haipandi. Agosti 2009, katika eneo la Santee, California, watu wanne walikufa katika gari la Lexus ES 350 waliloazimwa na muuzaji wa magari, na wachunguzi walikuta kwamba kapeti la mpira lililokuwamo lilikuwa la modeli nyingine. Mwaka huohuo Toyota, yenye chapa ya Lexus, ilitangaza wito wa marekebisho, yaani kuwaita wamiliki walete magari yatengenezwe, uliogusa magari yapatayo milioni 3.8 kwa sababu ya hatari ya kapeti kunasa pedali.

2. Pedali yenyewe. Januari 2010 Toyota iliita magari yapatayo milioni 2.3 kwa sababu pedali zake ziliweza kuwa nzito, zikachelewa kurudi au zikakwama. Aprili 2024 Tesla iliita magari 3,878 ya Cybertruck, kwa kuwa kifuniko cha pedali kiliweza kuchomoka na kunaswa na pambo la ndani lililo juu yake. Chanzo kilikuwa sabuni iliyotumiwa kiwandani kulainisha kifuniko ili kiingie kwa urahisi, na sabuni hiyo ikapunguza mshiko wake.

3. Umeme na programu. Katika magari ya sasa hakuna waya wa chuma unaounganisha pedali na injini. Vitambuzi husoma nafasi ya pedali na kupeleka ishara kwenye kompyuta, nayo kompyuta huamuru hewa kiasi gani iingie kwenye injini. Kasoro ya programu huweza kutokea na kupotea bila kuacha alama kwenye chuma, na ndiyo maana kundi hili ndilo gumu kuthibitisha.

4. Mguu wa dereva. Uchunguzi wa serikali kuhusu magari ya miaka ya 1980, ambayo maarufu zaidi kati yake ni Audi 5000, ulihitimisha mwaka 1989 kwamba katika matukio mengi madereva walikosea pedali. Januari 2021 serikali ilikataa kufungua uchunguzi rasmi wa magari ya Tesla kwa sababu hiyohiyo. Msomaji asichukulie jambo hili kama tusi, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa, na wakili mwangalifu humuuliza mteja wake kabla upande wa pili haujamuuliza.

## Sheria inadai nini kithibitishwe

Dhima ya bidhaa, yaani wajibu wa mtengenezaji na muuzaji kulipa madhara yaliyoletwa na bidhaa mbovu, hutawaliwa na sheria ya kila jimbo. Katika majimbo mengi mdai halazimiki kuonyesha kwamba mtengenezaji alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro ilipotoka mikononi mwake na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Mahakama ya Juu ya California iliweka msingi huo mwaka 1963, na majimbo mengi yakaufuata, ingawa machache, yakiwamo Virginia, Michigan na North Carolina, bado hudai uzembe au uvunjaji wa dhamana uthibitishwe.

Kasoro zinazotambuliwa ni za aina tatu:

- Kasoro ya utengenezaji: gari moja limetoka tofauti na lilivyokusudiwa, kwa mfano pedali iliyofungwa vibaya.
- Kasoro ya usanifu: magari yote ya modeli hiyo yana tatizo kwa jinsi yalivyobuniwa. Hapa majimbo mengi humtaka mdai aonyeshe kwamba palikuwa na usanifu mwingine ulio salama zaidi na unaowezekana. Mfano unaotajwa mara nyingi ni programu inayopunguza nguvu ya injini pale breki na mafuta vinapokanyagwa kwa pamoja.
- Kasoro ya tahadhari: mtengenezaji alijua au alipaswa kujua hatari, lakini hakumwonya mtumiaji ipasavyo.

Matokeo hayatabiriki kwa kutazama jina la gari. Februari 2011 serikali ya Marekani, ikisaidiwa na wahandisi wa NASA, ilitangaza kwamba haikupata kasoro ya umeme inayoweza kusababisha kasi kubwa katika magari ya Toyota. Hata hivyo Oktoba 2013 juri ya Oklahoma, yaani jopo la raia wanaoamua ukweli wa kesi, ilisikiliza ushahidi wa mtaalamu wa programu kuhusu Camry ya mwaka 2005, ikatoa fidia ya dola milioni 1.5 kwa dereva na kiasi kama hicho kwa familia ya abiria aliyekufa, na pande zote zikapatana kabla ya hatua ya fidia ya adhabu. Mwezi huohuo juri ya Los Angeles iliiondolea Toyota lawama katika ajali ya Camry ya mwaka 2006, ingawa mdai alijenga hoja yake juu ya kukosekana kwa programu ya breki iliyotajwa hapo juu. Kampuni ilikuwa moja na mwezi ulikuwa mmoja, lakini kila juri iliamua kwa ushahidi uliowekwa mbele yake.

> KISANDUKU: Gari likiwa bado linakimbia
>
> 1. Dereva akanyage breki kwa nguvu zote na asiachie. Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini inapokuwa imefunguliwa mafuta yote mvuto huo hupungua, na kila breki inapoachiwa na kukanyagwa tena, akiba iliyobaki huisha.
> 2. Aweke gia kwenye nyutro. Injini itanguruma sana, lakini magurudumu hayatapokea nguvu yake.
> 3. Ikishindikana, azime injini. Kitufe cha kuwashia huhitaji kubonyezwa kwa sekunde kadhaa mfululizo gari likiwa kwenye mwendo. Penye ufunguo, auzungushe kuzima injini bila kuuchomoa, kwa kuwa usukani huweza kujifunga.
> 4. Gari likisimama, asiliwashe tena hata kwa kulijaribu.

## Hatua za siku za mwanzo

Baada ya ajali gari huvutwa hadi yadi ya kuhifadhia magari, yadi hutoza ada kila siku, na kampuni ya bima huona faida ya kumaliza jambo mapema kwa kulilipia gari, kuchukua hati ya umiliki na kuliuza mnadani. Hakuna ubaya wowote katika utaratibu huo kwa ajali ya kawaida, lakini kwa dai la kasoro ndiyo njia ambayo ushahidi hupotea. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa uharaka wake.

1. Matibabu na ripoti ya polisi. Dereva apimwe siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, na aombe namba ya ripoti. Maelezo yake kwa polisi yawe mafupi na ya kweli, bila kubahatisha sababu.
2. Kulizuia gari. Mmiliki aiandikie kampuni ya bima na yadi, kwa barua au baruapepe yenye tarehe, kwamba gari ni ushahidi, kwamba lisiuzwe, lisitengenezwe, lisiwashwe wala kufunguliwa, na kwamba hatasaini hati ya umiliki hadi wakili aseme. Simu haitoshi, kwa kuwa haiachi maandishi.
3. Kulipiga picha. Picha zionyeshe pedali zote, kapeti na ndoano zake kama vilivyokutwa, nafasi ya gia, taa za dashibodi ikiwa zimekwisha kuwaka, matairi na alama za breki barabarani. Kapeti lisiinuliwe wala kunyooshwa kabla ya kupigwa picha.
4. Kukusanya mashahidi na video. Majina na simu za abiria na wapita njia ziandikwe siku hiyo. Maduka na nyumba za jirani ziombwe kuhifadhi picha za kamera mapema, kwa kuwa mifumo mingi hujifuta yenyewe. Taa za breki zilizowaka nyuma ya gari ni ushahidi wenye uzito mkubwa pale kamera ilipozinasa.
5. Kukagua historia ya gari. Namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, inayoonekana kwenye dashibodi upande wa dereva, iingizwe kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ili kujua kama gari lina wito wa marekebisho usiotekelezwa. Risiti zote za gereji ziwekwe pamoja, hasa zinazoonyesha kwamba dereva aliwahi kulalamika.
6. Kuwasilisha malalamiko NHTSA. Malalamiko hayaleti fidia, lakini huingia kwenye kumbukumbu ya taifa, na matukio yanayofanana yakikusanyika huweza kuzaa uchunguzi. Pia malalamiko ya madereva wengine wa modeli hiyohiyo huweza kumsaidia wakili kuonyesha kwamba mtengenezaji alikuwa na taarifa, mradi mahakama iridhike kwamba yanafanana vya kutosha.
7. Kumwona wakili wa dhima ya bidhaa. Wakili huyo hutuma barua rasmi ya kuhifadhi ushahidi kwa mtengenezaji, muuzaji, bima na yadi, na mara nyingi hupanga gari lihamishiwe ghala la mtaalamu.

## Kinasa data: sekunde tano zinazobishaniwa

Magari mengi ya Marekani yana kinasa data cha ajali, kifaa kidogo ambacho mara nyingi huunganishwa na kompyuta ya mifuko ya hewa. Kanuni ya serikali inavitaka vinasa hivyo vihifadhi mambo kadhaa ya sekunde 5 kabla ya mgongano, yakiwamo kasi ya gari, kiasi cha mafuta kilichoombwa, na kama breki ilikanyagwa. Kanuni iliyotangazwa Desemba 2024 inalenga kurefusha muda huo hadi sekunde 20. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 data hiyo ni mali ya mmiliki wa gari au ya aliyelikodi, na mtu mwingine kwa kawaida huhitaji ridhaa yake au amri ya mahakama ili kuichukua.

Mfano wa kufundishia unaonyesha kwa nini data hiyo ni upanga wenye makali kuwili. Tuseme kinasa kinasema kwamba sekunde 3 kabla ya kugonga gari lilikuwa maili 8 kwa saa, mafuta asilimia 0 na breki haikukanyagwa. Sekunde 2 kabla, mafuta asilimia 100 na breki haikukanyagwa. Sekunde 1 kabla, maili 25 kwa saa, mafuta bado asilimia 100. Wakili wa mtengenezaji atasema kwamba huo ni mguu uliohama na kutua penye pedali isiyo yake. Kama rekodi ingeonyesha mafuta asilimia 100 pamoja na breki iliyokanyagwa, hadithi ingegeuka kabisa. Hata hivyo mtaalamu wa mdai ataongeza jambo moja la haki, kwamba kinasa hakiuoni mguu bali huhifadhi kile kompyuta ilichoambiwa na vitambuzi, na kama kasoro inayodaiwa imo ndani ya mfumo huo, rekodi yake haiwezi kuwa hakimu wa mwisho.

Tahadhari: Pale mifuko ya hewa isipofunguka, rekodi katika magari mengi haifungwi, na tukio jipya huweza kuandikwa juu yake. Ndiyo sababu gari lisiwashwe wala kuendeshwa hadi data isomwe na mtaalamu, ikiwezekana mbele ya wawakilishi wa pande zote mbili.

## Kauli ya dereva na mtego wa tafsiri

Mzungumzaji wa Kiswahili ana hatari moja ya ziada, kwa kuwa maneno yanayoeleweka mara moja nyumbani hubadilika maana yakitafsiriwa haraka. Dereva akisema *breki zilikataa*, mkalimani huandika kwamba breki ziliharibika, ilhali dereva alitaka kusema kwamba alikanyaga breki na gari likashinda nguvu yake. Wachunguzi wakizikuta breki nzima, kauli hiyo husomwa mahakamani kama uongo. Vivyo hivyo *nilikanyaga tu ikaruka* haisemi ni pedali ipi iliyokanyagwa, na mwenye kuandika hujaza mwenyewe.

Kauli iliyo salama hutaja mambo manne kwa mpangilio: mguu ulikuwa wapi kabla, gari lilifanya nini, dereva alikanyaga pedali ipi kwa jina lake, na pedali hiyo ilihisi vipi, yaani ngumu, laini au iliyozama. Mtu asiyekimudu Kiingereza vizuri aombe mkalimani kabla ya kutoa kauli inayorekodiwa, na asikubali kutafsiriwa na mtoto wake wala na abiria aliyekuwamo garini, kwa sababu abiria huyo ni shahidi.

## Muda, gharama na mapatano

Muda wa ukomo, yaani kipindi ambacho dai lazima lifunguliwe mahakamani, hutofautiana kwa jimbo. Kwa madhara ya mwili ni mwaka 1 Tennessee, miaka 2 California na Texas, na miaka 3 New York. Zaidi ya hapo, baadhi ya majimbo yana kikomo kinachohesabiwa tangu bidhaa ilipouzwa, bila kujali ajali ilitokea lini. Texas huweka miaka 15, na Tennessee kwa kawaida 10. Mwenye gari la zamani aliulize jambo hilo katika simu ya kwanza kwa wakili.

Mawakili wengi wa madai ya aina hii hulipwa kwa sehemu ya fidia, mara nyingi karibu theluthi moja, na hawalipwi ada dai likishindwa. Lakini wataalamu wa uhandisi na programu hugharimu fedha nyingi, na ndiyo maana wakili huweza kulikataa dai la kweli lenye madhara madogo. Mteja aulize kwa maandishi nani atabeba gharama za wataalamu ikiwa dai litashindwa, na kama gharama hizo hukatwa kabla au baada ya kugawa sehemu ya wakili.

Asiyepata ajali bado ana njia. Wito wa marekebisho hutekelezwa bure kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza. Pia hasara ya thamani ya gari huweza kudaiwa katika shauri la kundi, ambapo wachache huwakilisha maelfu. Mapatano ya Toyota yaliyotangazwa Desemba 2012, yenye thamani ipatayo dola bilioni 1.1, yalihusu hasara za aina hiyo na si majeruhi. Barua ya shauri la kundi isitupwe, kwa kuwa huwa na tarehe ya mwisho ya kujiunga au kujitoa.

## Makosa ya kawaida

- Kusaini hati ya umiliki ili fedha za bima zitoke haraka.
- Kulipeleka gari kwa muuzaji likaguliwe peke yake, bila mtu wa upande wa mmiliki.
- Kuandika mtandaoni au kwenye kundi la WhatsApp maneno kama *labda nilichanganya*, ambayo huweza kuombwa kama ushahidi.
- Kulitupa kapeti lililonunuliwa dukani kwa kuogopa lawama. Kapeti likitoweka, dereva hushukiwa kuficha ushahidi, na mahakama huweza kumwadhibu.
- Kupuuza barua ya wito wa marekebisho kwa sababu gari linaendeshwa vizuri.

> KISANDUKU: Kwa mwenye gari lililotoka Japani, Afrika Mashariki
>
> Sheria ya dhima ya bidhaa ya Japani, iliyoanza kutumika Julai 1995, huweka kikomo cha miaka 10 tangu mtengenezaji alipolikabidhi gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, hivyo hata gari linalokubalika bandarini Mombasa huweza kuwa limebakiza muda mfupi sana, na dai dhidi ya kiwanda huwa na matumaini madogo. Kinga ina faida kuliko shauri: namba ya chesisi ikaguliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua, pedali ikanyagwe hadi chini na kuachiwa mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, na kapeti la mpira la kukata lisiwekwe juu ya kapeti la asili upande wa dereva.

## Orodha ya kujikagua

- [ ] Gari liko wapi leo, na yadi imepata zuio kwa maandishi?
- [ ] Hati ya umiliki bado iko mkononi mwa mmiliki?
- [ ] Picha za pedali, kapeti na gia zimehifadhiwa mahali pawili?
- [ ] Kinasa data hakijaguswa?
- [ ] Namba ya utambulisho imekaguliwa kwa wito wa marekebisho?
- [ ] Kauli ya dereva imetaja kila pedali kwa jina?
- [ ] Tarehe ya muda wa ukomo imeandikwa kwenye kalenda?

Msomaji akishindwa kujibu swali la kwanza, mengine yote yasubiri, na ujumbe wa kuzuia gari upelekwe yadi na kwa bima leo, kabla ya simu ya wakili.